Mkono, Picha na Damu: Kupima Ubalehe wa Msichana

Ndugu matabibu na wenzangu wa chumba cha picha, tuanze na mkono kabla ya mashine. Mtoto mnene wa miaka 7 huonekana ana matiti, kumbe ni mafuta. Mlaze chali, ubonyeze taratibu chini ya chuchu: titi la kweli lina kitufe kigumu kidogo, mafuta hubonyea tu. Titi likitokeza kabla ya miaka 8 limewahi. Likikosekana hadi 13 limechelewa.

Altrasaundi hupigwa juu ya tumbo, kibofu kimejaa. Njia ya ukeni haitumiki kwa mtoto. Kibofu kikiwa kitupu, hewa ya utumbo hufunika kizazi; kikifurika, hukibana na vipimo hupotoka. Kabla ya kubalehe kizazi huwa kama bomba, mwili wake haujaizidi shingo kwa unene, na urefu wote kwa kawaida haufiki sentimita 3.5. Estrojeni, homoni ya kike, ikifika, mwili wa kizazi hunenepa kuliko shingo, kikawa na umbo la peasi. Ukiona mstari wa utando wa ndani, huo ni ushahidi mzito kwamba estrojeni imefika. Kwa ovari, zidisha urefu, upana na kina, kisha mara 0.523. Yenye sentimita 2.0 kwa 1.2 kwa 1.0 ina ujazo wa mililita 1.3 hivi: bado ya kitoto. Vifuko vidogo ndani yake visikutishe, hata watoto wadogo wanavyo.

Damu ichukuliwe asubuhi. LH, homoni ya pituitari inayoamsha ovari, ikiwa yuniti 0.3 kwa lita au zaidi, kwa kipimo nyeti, huashiria kwamba pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, imeamka. Lakini mwanzoni huamka usiku tu, kwa hiyo LH ndogo haitoshi kukanusha. Dalili zikiendelea, fanya kipimo cha kuichochea pituitari kwa GnRH, homoni ya ubongo inayoiamuru, na kilele cha LH kikipita yuniti 5 kwa lita ubalehe umeanza. Estradioli, estrojeni kuu ya mwili, ya mtoto mara nyingi huwa chini ya uwezo wa mashine zetu. Damu husema habari za saa ile sindano ilipoingia. Kizazi husema habari za majuma na miezi.

Ndiyo maana vikipingana tunachunguza zaidi. Kizazi kimekua na LH iko chini kabisa? Estrojeni inatoka kwingine: uvimbe wa maji kwenye ovari, saratani ya ovari kwa nadra, au krimu yenye homoni nyumbani. Kagua ngozi pia. Mabaka ya rangi ya kahawa yana maana: huenda ni ugonjwa wa McCune-Albright, ambapo ovari hutoa estrojeni bila amri ya pituitari.

Na kwa binti wa miaka 14 asiye na titi, FSH, homoni nyingine ya pituitari inayoziamuru ovari, ikiwa juu, ovari zimeshindwa. Kama ni mfupi, omba kipimo cha kromosomu kutafuta Turner, hali ya kukosa kromosomu moja ya X, yote au sehemu yake. Hapa nawasihi wapiga picha. Kizazi kisichoonja estrojeni huwa chembamba mno, hupotea nyuma ya kibofu. Usiandike “hana kizazi”. Andika “hakikuonekana”, na picha irudiwe baada ya miezi kadhaa ya tiba ya estrojeni.