Mkunga wa Ulaya na Njia Yake ya Kurudi Baharini

Mabibi na mabwana, mkunga wa Ulaya, yule samaki mrefu kama nyoka ambaye wataalamu humwita Anguilla anguilla, hukulia mitoni na maziwani kuanzia Norwei hadi Afrika Kaskazini, lakini hazaliwi hata katika mto mmoja kati ya hiyo. Mazalio yake yako Bahari ya Sargasso, magharibi mwa Atlantiki, na kwa hiyo anayemhifadhi mtoni peke yake amemhifadhi nusu.

Mdenmaki Johannes Schmidt ndiye aliyevua viluwiluwi vyake, vilivyo bapa kama jani, akifuata kule vinakozidi kuwa vidogo, hadi mwaka 1922 alipoyatangaza mazalio hayo. Hata hivyo, mpaka leo hakuna aliyemwona mkunga akitaga huko.

Kinda anayefika Ulaya ana urefu wa sentimita 7 hivi, na mwili wake ni mwangavu mno hivi kwamba ukimweka kiganjani unaona macho mawili meusi, uti wa mgongo na doa jekundu la moyo unaopiga. Katika mto Severn, Uingereza, wavuvi huwangoja makinda hao usiku wa bamvua, wakiwa na taa na nyavu za mkono, kwa kuwa maji yakijaa ndiyo yanayowapandisha.

Tangu miaka ya 1980 makinda wanaofika wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mwaka 2008 samaki huyu aliorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wapo wanaosema afugwe, nami nasema ufugaji huo haumwokoi, kwa sababu kila mkunga wa Ulaya anayeuzwa kutoka bwawa la kufugia alivuliwa akiwa kinda wa porini.

Linaloniuma zaidi ni safari ya kurudi. Baada ya miaka mingi mtoni mkunga hugeuka rangi ya fedha, macho yake hupanuka, utumbo husinyaa, naye hali tena, bali huvuka maelfu ya kilomita kwa mafuta yaliyo mwilini mwake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2007 inataka wafike baharini angalau asilimia 40 ya wale ambao wangefika kama binadamu asingeingilia kati. Makinda wamewekewa ngazi za burashi penye vizuizi, wakajipenyeza na kupanda kwa maji machache tu. Lakini jike anayeshuka, ambaye aweza kufikia urefu wa mita moja, huvutwa na mkondo hadi kwenye mapanga ya mitambo ya umeme, na mwili mrefu namna hiyo haupiti salama. Katika mto Shannon, Ayalandi, wavuvi huwanasa juu ya bwawa la umeme, wakawasafirisha kwa gari na kuwafungulia upande wa chini, maji yanakoelekea baharini.