Siku Yako Nyepesi Iko Wapi?

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 25, na mnaonifahamu mmeshaanza kucheka, maana mara ya mwisho nilipewa 20 nikala 40. Leo nitajitahidi. Kwenye ratiba wameandika kwamba nitazungumzia mazoezi, mashindano, nguvu za misuli, viatu, usingizi na lishe kwa mkimbiaji wa umri wa makamo. Ratiba hiyo sikuiandika mimi. Mimi nina jambo moja, na wengine humu mmelisikia mpaka masikio yameota sugu: siku ambazo hamna shindano, mnakimbia kwa kasi mno.

Faida za kukimbia sitazigusa. Mtu aliyeacha kitanda Jumamosi asubuhi kuja kunisikiliza mimi hahitaji kushawishiwa.

Nianze na daftari. Hili hapa. Wa nyuma mnaliona? Jalada limeshatoka, nimelifunga na mpira. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 43, na nilikuwa na mzunguko mmoja tu, kilomita 8 kamili, naanzia getini kwangu naishia getini kwangu. Nikigusa geti nasimamisha saa, naingia ndani, naandika kabla hata ya kunywa maji. Niwasomee wiki moja. Jumatatu, dakika 46 na sekunde 10. Jumanne, 45 na 50. Jumatano, mvua, 46 na 30. Alhamisi, 45 na 40, pembeni nimeandika "safi sana". Ijumaa, 47 na 5. Pembeni nimeandika nini? "Uvivu."

Uvivu! Mtu mzima ametoka kazini, amekimbia siku ya tano mfululizo, anajiita mvivu kwa sababu ya dakika moja.

Niliandika hivyo zaidi ya mwaka. Katikati nikakimbia nusu marathoni, kilomita 21 na ushei, saa 1 na dakika 58. Nikarudi daftarini, nikakaza. Nusu marathoni ya pili: saa 1, dakika 57 na ushei. Mwaka mzima wa kujikamua, nimepata sekunde chache. Halafu kisigino kikaanza. Si kuuma wakati wa kukimbia, la. Asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, nashika ukuta kama mtu anayejifunza kutembea. Nikipata joto maumivu yanapotea, basi nami nasema nimepona, jioni natoka tena. Kano ya kisigino haisahau deni, wenzangu. Ikafika siku sikuweza kushuka ngazi.

Nikaenda kwa mtaalamu wa viungo. Binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Nikampa daftari kwa majivuno kabisa, nikitegemea atasema mzee huyu ana nidhamu. Akafungua, akasoma kurasa tatu, nne, kimya. Kisha akauliza: "Baba, siku yako nyepesi iko wapi humu?"

Nikapekua. Nikamwonyesha ile Ijumaa ya uvivu. Akatoa simu, akapiga hesabu mbele yangu. Dakika 47 na sekunde 5 kwa kilomita 8 ni dakika 5 na sekunde 53 kwa kilomita. Nusu marathoni yangu ilikuwa dakika 5 na sekunde 36 kwa kilomita. Akaniwekea simu mezani. "Yaani siku uliyojiandikia uvivu, umepishana na kasi yako ya shindano kwa sekunde 17. Baba, wewe hufanyi mazoezi. Unafanya mtihani kila jioni. Sasa unasoma saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka minane imepita, na bado natafuta.

Akanipa zoezi la kuinua visigino kwenye kingo ya ngazi, kupanda kwa miguu miwili na kushuka kwa mmoja, taratibu, kila siku. Zoezi la kuchosha akili kuliko yote niliyowahi kufanya, na ndilo lililoniponya. Aliponiruhusu kukimbia tena alitoa sharti moja: nikimbie nikiwa naweza kusimulia hadithi kwa sentensi ndefu. Nikianza kukata sentensi kutafuta pumzi, nipunguze. Mlimani nikishindwa, nitembee.

Kilomita 8 zikawa dakika 58. Wiki ya kwanza nilihamishia mazoezi gizani ili majirani wasinione. Kile kilima cha kilomita ya tano kilinilazimu kutembea kabisa, na pale kuna watu wanakaa nje. Nikabuni mbinu: nikifika pale natoa simu, naiweka sikioni, natembea huku nasema, "Ndiyo. Ndiyo mkuu. Nitakutumia kesho." Ilifanya kazi vizuri karibu mwezi mzima, mpaka jioni moja, nikiwa katikati ya mazungumzo mazito na huyo mkuu wangu, simu ikalia sikioni.

(Kicheko.)

Siku hiyo aibu iliisha. Ukishachekwa na kijiwe kizima, hakuna tena cha kuficha, unakimbia kasi yako.

Baada ya miezi sita, pumzi ile ile ya kusimulia hadithi, kilima kile kile, dakika 53. Nikiwa na miaka 46 nusu marathoni ikawa saa 1 na dakika 52. Nikiwa na 49, saa 1 na dakika 46. Sikuongeza bidii, niliihamisha. Siku mbili kwa wiki nilikimbia kwa nguvu kweli kweli, na kwa mara ya kwanza niliziweza, kwa sababu nilifika nikiwa na miguu. Zamani kila siku ilikuwa nusu ngumu: ngumu kiasi cha kuchosha, nyepesi kiasi cha kutofundisha kitu.

Najua kuna methali mbili tatu zinawawasha ulimi kuhusu haraka na pole. Ziacheni. Mimi sizungumzii busara, nazungumzia mwili. Ukikimbia polepole kwa muda mrefu, misuli inaota kapilari, ile mishipa myembamba ya damu, na mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya misuli, zinaongezeka, mwili unajifunza kuchoma mafuta na kutunza wanga wake mchache. Moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Na kwetu sisi wa umri huu kuna jambo la ziada: pumzi na moyo hujengeka kwa wiki, kano huchukua miezi. Kano hupata damu kidogo. Kwa hiyo unajisikia simba kifuani, huku kisigino bado ni cha mtu wa ofisini. Hapo ndipo tunapoumia.

Namwona kaka wa mstari wa pili anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: hiyo ni kwa wazee waliokata tamaa, wenye kasi wanakimbia kasi. Haya. Stephen Seiler, mtafiti aliyefanya kazi miaka mingi Norway, aliangalia mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa ustahimilivu, akakuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, akiwa na miaka 37. Hiyo ni dakika 2 na sekunde 52 kwa kilomita, na hakuna kilomita hata moja ya namna hiyo ambayo mimi au wewe tungemfuata. Lakini kundi kama lake la mazoezi kule Kaptagat, Kenya, linapoanza mbio nyepesi za asubuhi, mwanzo ni wa kujikokota, mtu yeyote humu angeweza kwenda nao kidogo. Wao wanaweza kujikokota, sisi tunaona aibu. Nani ana cha kuthibitisha?

Na kama unataka mzee, nakupa mzee. Ed Whitlock, mhandisi wa migodi, Mwingereza aliyehamia Kanada. Alikimbia ujanani, akaacha, akarudi akiwa na miaka arobaini na kitu. Mwaka 2004 huko Toronto, akiwa na umri wa miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Rudieni kuisikia: sabini na tatu, chini ya saa tatu. Mwaka 2016, mji ule ule, akiwa na miaka 85, saa 3, dakika 56 na sekunde 38. Sasa, mazoezi yake. Alikuwa anazunguka makaburi ya karibu na nyumbani kwake. Polepole, hatua fupi za kuburuza, hadi saa tatu kwa siku moja. Hakuna kocha, hakuna ratiba ya rangi. Makaburini hakuna wa kumcheka, hata simu ya uongo hakuihitaji. Kasi aliitoa kwenye mashindano, na alishindana mara nyingi. Nikimtaja huyu, kila mara kuna mtu ananiambia alizaliwa na kipaji. Ndiyo, alizaliwa nacho. Na alikilinda kwa kukitembeza taratibu. Wewe usiye nacho ndiyo unakikimbiza?

Pingamizi lingine: sina muda, nina dakika 40 tu, lazima nizitumie vizuri. Hili huniudhi, nisamehewe. Dakika 40 nyepesi mara nne kwa wiki, miaka mitano, ni nyingi kuliko dakika 40 za kujiua kwa miezi mitatu na kukaa nyumbani miezi sita umevaa bandeji. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna wa saa za mkononi. Saa inasema mapigo yangu ya juu ni 220 kutoa umri. Kanuni hiyo ni ya makadirio tu, watu hupishana nayo kwa mapigo kumi na zaidi, juu au chini. Mimi nikiwa na miaka 49 ingenipa 171, na kwenye kilomita ya mwisho ya shindano nilifika 181, nikiwa hai na nikiwa nalalamika. Ukipanga siku nyepesi kwa namba isiyo yako, utadanganyika kila siku. Hadithi ya sentensi ndefu haidanganyi wala haihitaji chaji.

Mwenyekiti ananionyesha vidole. Ni vitano au ni kumi? Vitano. Haya.

Marathoni. Ya kwanza nilikimbia nikiwa na miaka 46. Mhandisi mmoja wa Marekani, Peter Riegel, aliacha kanuni nzuri: ukiongeza umbali mara mbili, muda hauongezeki mara mbili, huongezeka mara mbili na zaidi kidogo. Nusu yangu ya saa 1 na dakika 52 ilinipa kama saa 3 na dakika 53, tena kwa mtu aliyejiandaa vyema. Mimi nikajiongezea sifa, nikaondoka kwa kasi ya saa 3 na dakika 45. Nilikuwa nimejifunza upole mazoezini, nikausahau siku ya mtihani. Nusu ya kwanza, saa 1 na dakika 53, natabasamu. Kilomita ya 32 wanga uliisha. Miguu haikuuma, iligeuka mbao. Pale nikapitwa na kina mama wawili wakubwa kwangu, na walikuwa wanazungumza! Mmoja anasimulia fundi aliyechukua malipo ya awali akatoroka na paa liko nusu. Nilisikia kisa hicho mpaka walipopotea mbele, mwisho wa fundi yule siujui mpaka leo. Nilimaliza kwa saa 4 na dakika 27. Nikiwa na miaka 50 nikarudia, nusu ya kwanza nikijizuia kama mtu aliyeshika mbwa, nikapata saa 3 na dakika 47.

Nguvu za misuli: mara mbili kwa wiki, vitu vizito kweli, si vile vya kupunga hewani. Misuli hupungua na umri na kukimbia peke yake hakuirudishi. Hilo lingestahili mhadhara wake. Viatu: kinachokukaa vizuri. Usingizi mnaujua. Lishe aitwe mwingine.

Kuna swali moja huja kila mara, basi niliwahi. Mpaka lini tutaboresha muda? Ukianza ukiwa na miaka 43, huna rekodi ya ujana ya kukusuta, una miaka kadhaa ya kupanda kabla umri haujakukamata. Na umri wenyewe si mkali kama tunavyodhani: Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa wa pili kwenye marathoni ya London mwaka 2024 akiwa na miaka 41, saa 2, dakika 4 na sekunde 15. Edna Kiplagat wa Kenya ndiye mshindi wa wanawake wa marathoni ya Boston ya mwaka 2021, naye alikuwa na miaka 41. Mimi sasa nina 52. Mwaka huu nusu marathoni yangu ilikuwa saa 1 na dakika 49. Ndiyo, nimerudi nyuma dakika tatu. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaangalia majedwali ya umri ya World Masters Athletics, yale yanayopima muda wako kwa miaka yako, nikakuta niko karibu pale pale nilipokuwa na 49. Nikaliandika hilo daftarini, pembeni. Sikuandika "uvivu".

Nimeambiwa nikae. Kesho saa 12 asubuhi tunakimbia kilomita 6 kutoka mlangoni hapa. Atakayetangulia kona ya kwanza atatusimulia alikokuwa anawahi, kwa sentensi ndefu. Kaka wa mstari wa pili, mkono wako uko juu tangu Norway, uliza.