Mnyonge Aliyekataa Chipu Kubwa

Ndugu wasikilizaji, nianze na Juni 2008, mwezi ambao mnyonge alimpiga mtama bwana mkubwa wa kadi za grafiki, zile zinazochora picha za gemu kwenye kompyuta.

Bwana mkubwa, Nvidia, walikuwa ndio kwanza wametoa kadi ya GTX 280 kwa dola 649. Chipu yake ilikuwa na milimita za mraba 576, sinia zima! Siku chache baadaye AMD, ambao mwaka 2006 waliinunua kampuni ya ATI ya Kanada, wakaleta Radeon HD 4870 kwa dola 299. Chipu yao haikufika hata nusu ya ukubwa huo.

Udogo ulisaidia nini? Chipu hukatwa kutoka kwenye sahani ya silikoni, na sahani hiyo haikosi dosari. Dosari ndogo kama chembe ya vumbi ikiangukia chipu kubwa, umetupa kipande kikubwa. Ikiangukia ndogo, umetupa kidogo, na nyingine nyingi zimesalimika. Halafu AMD wakafunga kumbukumbu mpya za GDDR5, zenye kasi kiasi kwamba njia nyembamba ya biti 256 kati ya chipu na kumbukumbu iliwatosha, wakati mwenzao alihitaji 512.

GTX 280 bado ilikuwa na nguvu zaidi, tusidanganyane. Lakini kwa bei ile nani angejali? Hazikupita wiki nyingi, Nvidia wakaishusha hadi dola 499.

Naona mmoja wenu anatabasamu. Subiri kwanza.

Mwaka 2007 Nvidia walikuwa wametoa CUDA, nyenzo za kumwezesha mwandishi wa programu kuitumia kadi kwa hesabu zozote, si kwa gemu tu. Wachezaji hawakuwa na habari nayo. Watafiti waliizoea taratibu, na mwaka 2012 mtandao wa neva wa AlexNet, programu ya akili bandia ya kutambua picha, ukafunzwa kwa kadi mbili za GTX 580. Kwa maoni yangu, hapo ndipo AMD walipoachwa, wala si kwenye chipu. Jibu lao, ROCm, lilikuja 2016, wakati watu wameshaandika programu zao kwa CUDA na hawana hamu ya kuanza upya.

Ndiyo maana ndani ya ROCm kuna HIP, inayosaidia kuhamisha programu za CUDA. Tazameni amri zake. Kule kwa Nvidia, ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu ya kadi unaandika cudaMalloc. Huku kwa AMD unaandika hipMalloc.