Kabla Hujapaka Rangi, Geuza Droo

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu hamjambo. Nimekuja na droo moja tu. Kabati lenyewe limebaki karakana, kwa sababu konda wa daladala alinitazama mimi, akalitazama na kabati, akafunga mlango. Ipitisheni droo mkono kwa mkono. Kila mtu aipime uzito, halafu aigeuze.

Mbele imepakwa rangi ya krimu, na pale ilipobanduka chini yake kuna kijani. Lakini ubavuni na mgongoni mbao iko wazi, kama alivyoiacha fundi wa kwanza. Ndiyo sababu mtu akiniita kutazama kabati kuukuu sianzi na mlango, nachomoa droo. Humo ndani hakuna aliyehangaika kuficha kitu. Hii hudhurungi inayovuta wekundu ni mninga, mti ambao ukiukata unatoa utomvu kama damu. Na pembeni, ubao wa mbele unapokutana na wa ubavu, mnaona hakuna msumari? Mbao zimeshikana kama vidole vya mikono miwili. Sehemu ya chini ni plaiwudi ya kawaida tu, hiyo nitaibadilisha.

Kabati hili ni lile la vyombo tunalolijua sote: juu vioo, chini milango miwili, katikati droo. Lilikaa sebuleni kwa bibi likiwa na seti ya vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuvinywea. Mjukuu alitaka kuliuza anunue kabati jipya la chipbodi, jeupe, linalong'aa. Nikamwambia, mwanangu, chipbodi ni unga wa mbao na gundi. Maji ya kudekia yakiifikia miguuni inavimba kama mkate kwenye chai, na haina dawa. Skrubu ya bawaba ikilegea mara moja, shimo halishiki tena. Mninga unaupiga randa, unaukwangua, unauziba, unaendelea.

Sisemi kila kikuukuu kiokolewe. Wapo wanaookota stuli iliyooza, wakaimwagia rangi ya dhahabu, wakaiita pambo. Mifupa ikishakwisha, hiyo ni kuni.

Sisi watu wa pwani hatukuanza leo kuweka vitu na kupamba kwa pamoja. Nendeni Lamu, kwenye nyumba za mawe za karne ya 18, mtazame zidaka. Ukuta mzima wa ndani umechongwa vishubaka kwa chokaa, safu juu ya safu, vikiwekwa sahani za kaure kutoka China na vitu vya thamani vya nyumba. Ukuta ndio kabati, na kabati ndilo pambo. Au chukueni kasha la njumu za shaba. Kwa nje ni fahari ya bibi harusi. Fungua kifuniko, ubavuni kuna kijisanduku kidogo cha vito na hati, na mengine yana kificho chini ya kijisanduku hicho. Fundi aliyelitengeneza alijua mwenye nyumba ana siri, na ana wageni.

Kwa hiyo kabati la bibi nalitaka lifanye kazi zote mbili. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka. Nimevitoa vyote, mahali pake nimewamba mkeka wa ukindu, ule mwembamba wenye rangi. Macho yanapata cha kutazama, na hewa inapita. Kwa joto letu hili hewa ndiyo jambo. Shuka ukizifungia nyuma ya kioo mwezi mzima wa mvua zinatoka na ukungu na harufu ya panya, hata kama panya hayupo. Sasa juu zitakaa shuka na kanga, chini viatu, na droo ni ya chaja na nyaya, maana kila nyumba ina rundo la nyaya zisizojulikana ni za nini.

Tukifika kwenye nyaya tumefika kwenye droo zinazogoma. Ubao huvuta unyevu ukavimba, na huvimba kwa upana, si kwa urefu. Mwenye kabati anakuja Aprili, masika imekolea, analalamika droo haifunguki. Fundi mwenye haraka anashika randa, analamba pembeni, droo inateleza, analipwa. Ikifika Januari droo hiyohiyo inacheza kama jino la mtoto. Msikubali! Sugueni njia zake kwa kipande kikavu cha sabuni ya mche, au mshumaa, kisha subirini kiangazi ndipo muamue kama inahitaji randa.

Bungua nao, wale wadudu wanaotoboa mbao. Ukiona vitundu vidogo vya mviringo usipige kelele kwanza. Tandika karatasi nyeusi chini, ugonge ubao, ufute, uache siku kadhaa. Unga mpya ukianguka, wenyewe wangali ndani na dawa ya mbao inahitajika. Usipoanguka, huenda hayo ni makovu tu, ila endelea kuchungulia. Na tafadhali, oili chafu ya gari ni ya nguzo za uzio. Mtu asiipake kwenye kabati la nguo za mtoto.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na hayo yanaharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ule ukijani chini ya krimu siujui ulitoka kopo gani, kwa hiyo sikuupiga msasa mkavu. Niliulowesha, nikatumia msasa wa maji, uchafu nikaukusanya kwenye gazeti, na watoto wa jirani niliwafukuza. Hata mbao tupu vaeni barakoa: vumbi la mvule litawawasha pua na ngozi siku nzima.

Mwisho wa kazi, kabati refu lifungwe ukutani kwa skrubu mbili na plagi zake. Mtoto akifungua droo zote anaona ngazi.

Jumamosi tutafanya kwa mikono. Mje na barakoa na msasa, sabuni ya mche nitaleta mimi. Na sasa naomba droo yangu. Mama wa kitenge cha bluu, umeishika muda mrefu sana, na nimekuona ukijaribu ukubwa wa pochi yako humo ndani. Haiuzwi.