Namna ya Kuhamisha Gemu kwa Diski ya Nje na Kuicheza Bila Bando

Habari za jioni, ndugu watazamaji, na karibuni tena kibandani kwangu hapa Chikongola, Mtwara mjini. Leo ninaeleza kazi moja tu, ambayo ndiyo ninayoulizwa na wateja kuliko nyingine zote: namna ya kupakua gemu ya kompyuta mara moja, kuihamishia kwenye kompyuta nyingine kwa diski ya nje, na kuicheza hata siku ambayo bando limekwisha. Katika miezi mitatu iliyopita nimejaribu gemu tatu ambazo sikuwahi kuzigusa, yaani Balatro, Stardew Valley na Hollow Knight, na zote zimefika kwenye meza hii mnayoiona kwa njia hiyo. Kuna nyakati katika kazi hii ambapo mtu hukaa akisubiri, na nyakati hizo nitazitumia kuwaeleza jinsi kila gemu ilivyonipokea.

Anzeni kwa kusoma ukubwa wa gemu kabla ya kitu kingine chochote. Kila ukurasa katika duka la Steam, yaani duka la mtandaoni la gemu ambalo pia ni programu ya kuzipakulia na kuzifungulia kwenye kompyuta, una sehemu ya chini inayotaja kompyuta inayohitajika pamoja na nafasi ya diski. Balatro inataka takriban megabaiti 150, Stardew Valley takriban megabaiti 500, na Hollow Knight gigabaiti 9. Hii ina maana kwamba Balatro mtu anaipakua kwa simu yake kabla chai haijapoa, lakini Hollow Knight ni kazi ya kukesha na bando la usiku, na ndiyo maana leo nimechagua kuhamisha hiyo.

Jambo la pili ni mfumo wa kompyuta yenyewe. Tangu tarehe 1 Januari 2024 Steam haitegemezi tena Windows 7, 8 wala 8.1, na bado ninaletewa kompyuta zenye mifumo hiyo. Kama yako ni mojawapo, badilisha mfumo kwanza, kisha urudi kwenye video hii.

Kuhusu fedha, nitasema kwa kifupi kwa sababu wengi hawalijui. Ukinunua gemu Steam na ikakukataa, unaweza kuomba kurudishiwa fedha yako ndani ya siku 14 tangu siku ya kununua, ilimradi muda wote ulioicheza haujafika saa mbili kwa jumla. Mimi hizo saa mbili nimezifanya kuwa kipimo changu: ninakaa nayo gemu kwa utulivu, bila simu mkononi, na zikikaribia kwisha ninajiuliza kama ninataka kuendelea. Gemu nyingi pia zina toleo la majaribio lisilolipiwa, na nawasihi muanzie huko.

Sasa kabla ya kupakua, zuieni kompyuta isile bando kwa siri. Katika Windows, fungueni mipangilio ya mtandao, chagueni mtandao wa simu mnaoutumia, kisha washeni kitufe kinachouambia mfumo kwamba mtandao huo una kipimo (metered connection). Hapo masasisho makubwa ya Windows yatasubiri. Katika Steam, nendeni kwenye mipangilio ya upakuaji na mchague kwamba gemu isasishwe pale tu inapofunguliwa. Wekeni pia saa za masasisho, kwa mfano kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kupakua kwenyewe ni kubonyeza kitufe cha buluu na kulala, kwa hiyo sitakurekodi.

Hii hapa diski ya nje. Ninaichomeka. Ikiwa diski yenu imeumbizwa (format) kwa mfumo wa FAT32, haitapokea faili moja lenye gigabaiti 4 au zaidi, hata kama ina nafasi tele, na gemu kubwa huwa na mafaili ya namna hiyo. Iumbizeni kwa mfumo mwingine uitwao exFAT. Kuumbiza kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo toeni kwanza picha za harusi na nyaraka za shule.

Sasa tumefika mahali ambapo nawaomba msogeze viti karibu. Kwenye kompyuta ya kwanza, yenye gemu iliyokamilika, fungueni diski C, halafu folda ya programu iitwayo Program Files (x86), halafu Steam, halafu steamapps, halafu common. Ndani ya common mtaona folda yenye jina la gemu, na hapa mnaiona imeandikwa Hollow Knight. Inakilini folda hiyo nzima kwenye diski ya nje. Nimesema inakilini. Msiikate, kwa sababu mkiikata na kebo ikacheza katikati ya safari mtabaki na vipande huku na vipande kule.

Inachukua kama dakika tano kwa diski hii ya kwangu, basi tuzungumze juu ya Stardew Valley. Gemu hii ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikatoka Februari 2016. Unarithi shamba lililojaa magugu na mawe, unaanza na fedha 500 na mbegu 15 za mboga ya mizizi inayofanana na karoti nyeupe, na mwaka una majira manne yenye siku 28 kila moja. Mvua ikinyesha humwagilii. Mama yangu, ambaye amelima korosho Newala tangu ujana wake, alikaa nyuma ya kiti changu jioni nzima akinielekeza pa kupanda. Alipoona kwamba mkulima anatia mazao ndani ya sanduku jioni na asubuhi anaamka fedha zimekwisha kuingia, aliniomba nirudie siku ile ili alitazame sanduku hilo vizuri. Kwa kibanda changu gemu hii ina sifa nyingine ninayoithamini sana: inahifadhi mchezo unapolala kitandani, na siku moja ya mchezo haizidi dakika kama 14 za saa yetu. Umeme ukikatika, na kompyuta zangu ni za mezani zisizo na betri, mteja anapoteza siku hiyo moja tu.

Imekamilika. Ninachomoa diski kwa utaratibu na kuihamishia kwenye kompyuta ya pili.

Kwenye kompyuta ya pili, mwenye kuitumia lazima awe na akaunti ambayo gemu imenunuliwa kihalali. Mafaili yanahama kwa diski, lakini haki ya kucheza inakaa kwenye akaunti, na mimi siwahamishii watu gemu ambazo hawakuzilipia. Kama gemu yenyewe ni ya bure, inatosha kwamba imeongezwa kwenye akaunti.

Kisha, na hili ni la lazima, fungeni Steam kabisa. Kubonyeza alama ya X juu ya dirisha hakuifungi. Inabaki ikifanya kazi kimyakimya pale chini karibu na saa. Bonyezeni alama yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na mchague kutoka. Nawaonyesha tena: hapa chini, karibu na saa, kitufe cha kulia, kutoka. Imeondoka.

Sasa nimempa mpwa wangu aibandike folda ndani ya common wakati mimi ninashika kamera, kwa kuwa ninataka mwone kwamba hata kijana wa kidato cha pili anaimudu kazi hii. Anabandika. Tunasubiri tena.

Wakati huu ni wa Balatro. Ilitoka Februari 2024, nayo ni kazi ya mtengenezaji mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk. Ni karata 52 zile zile tunazozijua, kopa, uru, shupaza na pau, lakini lengo lake ni kukusanya pointi. Ukitupa karata mbili zinazofanana unaanza na 10 mara 2. Ukitupa kopa tano kwa pamoja unaanza na 35 mara 4, na juu yake unaongeza thamani ya karata zenyewe. Utamu wake umo katika karata za joker, ambazo zipo 150, na kila moja inabadilisha hesabu kwa namna yake. Wazazi wawili waliniuliza kama ni kamari. Hakuna fedha halisi inayowekwa wala kushindaniwa ndani yake, na taasisi ya Ulaya inayopanga umri wa wachezaji, PEGI, ambayo awali ilikuwa imeiwekea umri wa miaka 18, iliushusha hadi 12 mnamo Februari 2025. Mimi naona inamfundisha mtoto kuzidisha kwa kichwa kuliko daftari lolote nililowahi kumnunulia huyu mpwa wangu. Tena inaendelea pale pale ulipoiacha, hivyo umeme hauitishi.

Tayari. Tunafungua Steam, tunatafuta Hollow Knight kwenye maktaba, tunabonyeza kusakinisha, na tunachagua diski ile ile tulikobandika folda, yaani C. Steam inatakiwa kuandika kwamba inakagua mafaili yaliyopo, na asilimia zipande haraka bila mtandao kufanya kazi kubwa.

Tazameni hapa. Hapana, simamisheni. "Mjomba, imeanza sifuri." Ameona sawasawa: mstari wa mtandao unapanda, na imeandikwa gigabaiti 9 zinapakuliwa. Bonyeza kusitisha. Bonyeza sasa hivi, mwanangu, kabla ya maelezo yoyote. Naomba radhi kwa kamera kutikisika, ilibidi niiweke juu ya meza.

Sitaikata sehemu hii, kwa sababu kosa hili ndilo lililonimalizia bando la mwezi mzima kwa usiku mmoja mwaka jana, nikiwa nimelala na nimeridhika kwamba kazi imekwisha. Tufungue common tuone. Hii hapa folda ya Hollow Knight. Tuifungue. Ndani yake kuna folda nyingine, nayo inaitwa Hollow Knight. Kijana alitengeneza folda kwanza, akaipa jina, kisha akabandika folda ya gemu ndani yake. Steam inapoangalia ndani ya folda ya kwanza haikuti mafaili ya gemu, inakuta folda ngeni tu, basi inaamua kupakua upya. Kosa lenye matokeo hayo hayo hutokea folda ikibadilika jina hata kwa herufi moja, au Windows ikiongeza maneno mwishoni mwa jina wakati wa kunakili.

Dawa yake ni hii. Upakuaji umesitishwa. Iondoeni gemu kupitia Steam yenyewe, jambo ambalo linafuta folda iliyoharibika. Msiogope, kwa kuwa nakala nzima bado ipo kwenye diski ya nje, na sasa mnaelewa kwa nini nilikataza kukata. Fungeni Steam kabisa, pale chini karibu na saa. Kama kuna mabaki ndani ya common, yafuteni. Bandikeni upya, safari hii moja kwa moja ndani ya common. Kabla ya kuifungua Steam, ingieni ndani ya folda ya gemu kwa macho yenu: mkiona faili la kuanzishia gemu lipo hapo hapo, mko salama, mkiona folda yenye jina lile lile, mmerudia kosa. Angalieni jina. Angalieni ndani. Ndipo mfungue Steam.

Tumesubiri dakika zetu tano, nimeangalia jina, nimeangalia ndani. Kusakinisha, diski C. Sasa mnaona inakagua: asilimia 20, 45, 70, na mstari wa mtandao umelala chini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuonekana. Inaweza kumalizia kwa kupakua kiasi kidogo ikiwa kuna sasisho, na hilo si tatizo.

Wenye kompyuta mbili kwenye ruta moja wana njia nyingine tangu mwaka 2023: Steam yenyewe inaweza kuvuta gemu kutoka kompyuta ya jirani bila kuipakua upya, mkiiruhusu kwenye mipangilio ya upakuaji. Ni nzuri, ila wateja wangu wengi hawaletani na kompyuta zao, wanaleta diski.

Hatua ya mwisho ni kucheza bila mtandao, nayo ina sharti moja. Fungueni gemu mara moja mkiwa bado na intaneti, mwiache ifike kwenye ukurasa wake wa kwanza, kisha mtoke. Baada ya hapo, kwenye menyu ya Steam iliyo juu kushoto, chagueni kwenda nje ya mtandao. Asiyefungua mara ya kwanza akiwa na mtandao anaweza kukuta mlango umefungwa siku anapouhitaji.

Nimezima hotspoti ya simu, mnaiona. Tunafungua Hollow Knight, na imefunguka.

Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Waliitengeneza Team Cherry, kundi dogo la Adelaide huko Australia, mwaka 2017, na mwendelezo wake, Silksong, ukatoka tarehe 4 Septemba 2025. Unamwongoza mdudu mwenye msumari ndani ya ufalme uliozikwa chini ya ardhi. Ukifa unaacha kivuli chako pamoja na fedha zako zote pale ulipofia, na ukifa tena kabla ya kukifikia, fedha hizo hazirudi. Umeme ukikatika unaanzia kwenye benchi ulilokalia mara ya mwisho, kwa hiyo kila benchi mnaloliona, kaeni. Ramani nayo haiji bure: anaiuza mdudu mmoja mnene, Cornifer, na bila dira inayouzwa na mkewe, Iselda, ramani haikuonyeshi ulipo. Saa yangu ya kwanza nilitembea gizani bila ramani, na sijapata kuyasikiliza mazingira ya gemu kwa makini kama siku ile, kwa sababu Cornifer hupatikana kwa sauti yake ya kuimba puani.

Nimemkabidhi kijana pedi ya kuchezea gemu, maana kwa gemu hii pedi ni bora kuliko kibodi. Nimeongeza sauti. Sogea kushoto, mwanangu, shuka taratibu, usiruke bado. Unamsikia? Mfuate huko huko.