Bach Alifuga Nini?

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Wanaonijua wanajua nitasema nini, ni yaleyale ya utani wa mbwa na muziki, naona wengine mshaanza kucheka, subirini basi nianze.

Kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananirushia kwenye simu ile picha, mbwa kavaa wigi jeupe la kizamani, chini imeandikwa Bach, yule mtunzi wa muziki Mjerumani wa zamani, halafu vicheko kumi. Namuuliza, umecheka nini? Ananiambia, "Mwalimu si mbwa kavaa wigi." Ndugu yangu hujacheka utani, umecheka wigi! Utani wenyewe uko kwenye sikio la Muingereza, kwake neno la kubweka, bark, linafanana na jina la Bach, basi, hakuna zaidi. Wajerumani ndo wenye Bach na hawausikii, kwao bach ni kijito cha maji na kubweka kuna neno lake lingine kabisa. Kuna Mmarekani, Peter Schickele, huyu nampenda, alijizulia mtoto wa uongo wa Bach akamwita P.D.Q. Bach, akamtungia kantata, yaani wimbo mrefu wa waimbaji na vyombo, ya mbwa. Ile ya kweli ya Bach, ya 1731, inaitwa Wachet auf, yaani amkeni, yeye kageuza neno moja tu ikawa Wachet Arf, mbwa wa Kiingereza ndo wanavyolia. Raha sana. Lakini mbwa wa Tandale lini amelia arf? Ukishaanza kufafanua hapo utani umekufa, unachimba kaburi tu.

Ninachosema siku zote ni kwamba tuna vichekesho vya kwetu, na vinachoma kuliko hivyo.

Nilikuwa nafundisha kwaya kule Singida, vijana watupu, nikaandika ubaoni kwa chaki, herufi kubwa, FUGA. Kijana mmoja wa besi, kakaa karibu na mlango, miguu mavumbi mpaka magotini ametoka kuchunga, ananyoosha mkono: "Mwalimu, tunafuga nini?" Chumba kizima kikalipuka. Nikataka kukasirika, chaki mkononi, halafu nikanyamaza, maana kijana kauliza swali kubwa kuliko nililokuwa nafundisha. Fuga ni aina ya muziki, na kwa Kitaliano neno hilo ni kukimbia, kutoroka. Sauti moja inachomoka, ya pili inaifata na wimbo uleule, alto anamkimbiza soprano, tenori anamkimbiza alto, besi anakuja mwisho anahema. Kwetu sisi kufuga ni kinyume, mnyama haendi popote, umemfunga, unamlisha. Neno lilelile, kule limetoroka, huku lina kamba shingoni! Muingereza hana utani wa hivyo hata umpe wigi kumi.

Nikawaambia basi, Bach alifuga. Kitabu chake cha fuga cha mwisho mwisho, Die Kunst der Fuge, ukikitafsiri hivyohivyo kilivyo kinakuwa Sanaa ya Kufuga, bwana mifugo akikiona atakinunua. Yule wa besi hakuniacha, "Alifuga mbwa?" Nikamdanganya, ndio, alifuga mbwa, na mmoja hakummaliza. Maana Bach kafa 1750 na ile fuga ya mwisho inakwenda vizuri kabisa, anaingiza jina lake mwenyewe kwa noti nne, B, A, C, H (Wajerumani wana noti inaitwa H, msiniulize), halafu ukifika baa ya 239, baa ni vile vipande vidogo vya mapigo kwenye noti, kimya. Imekatika. Na juzi yake tu nilikuwa nimewafundisha kwamba mwisho wa wimbo Wataliano wanauita koda, maana yake mkia. Si wakaunganisha! "Kumbe mbwa wa Bach hana mkia!" Hiyo wamesema wao, sio mimi. Tangu siku ile nikisema koda safu nzima ya besi inatingisha makalio. Kanisani! Padri alishaniita.

Naona mzee wangu pale mbele kakunja uso. Shikamoo mzee. Najua, mbwa hapana na muziki wa Kizungu hapana, havituhusu. Mzee, santuri za Siti binti Saad umewahi kuzishika? 1928 bibi yule alikwenda Bombay kurekodi na HMV, kampuni ya santuri, na alama ya HMV ni nini? Mbwa! Kakaa mbele ya gramafoni kainamisha kichwa. Alikuwa mbwa wa kweli, Nipper jina lake, alikufa 1895, Francis Barraud akamchora akiwa ameshazikwa, na 1899 kampuni ikatoa pauni 100, hamsini za picha, hamsini za haki zake. Kwa hiyo Siti anaimba, na mbwa yuko palepale katikati ya santuri anazunguka mara 78 kwa dakika. Sasa nani kamleta mbwa kwenye muziki, mimi?

Naonyeshwa saa. Jamani. Haya harakaharaka, Satie, Mfaransa, 1912 kaandika vipande vya piano na juu akaandika kabisa kwamba ni kwa ajili ya mbwa, mchapishaji akavikataa, yeye akarudi na vingine akaviita vya kweli. Chopin, mtunzi wa piano, na ile walsi inayosemekana ni kijibwa kinafukuza mkia wake, hiyo katafuteni wenyewe. Na majina ya watunzi tuyageuze, Schubert ni Shubweka, Debussy ni Debweki. Mkipata vikali zaidi nileteeni, mimi nimeishiwa.

Ila Elgar, mtunzi Muingereza, siachi, nizimieni maiki kama mnataka. Hereford, Uingereza, mpiga kinanda wa kanisa kuu, bwana Sinclair, ana mbwa wake aina ya buldogi, Dan, wanatembea kando ya mto Wye, Dan kateleza kaporomoka mpaka majini. Sinclair anamwambia Elgar, haya, hiyo nayo itungie muziki. Elgar katunga kweli, iko kwenye zile Enigma za 1899, vipande vya okestra vinavyogeuza wimbo mmoja, namba 11, na jina la Dan kaliandika palepale kwenye noti. Baa tano za mwanzo tu, sio baa za bia wewe unayecheka. Fundi, weka. Vinanda vya nyuzi vinavyoshuka mbio hapo ndo anaporomoka, hizo nzito za chini anapiga miguu anatafuta pa kutokea, halafu, ngoja, ngoja... hapo! Kabweka. Rudisha tena fundi, mzee wangu hakusikia.