Cheti cha paralegali Marekani: msiuziwe mbuzi kwenye gunia

Assalam aleikum watu wangu wa Mombasa, Likoni mpo, Kisauni mpo, Mji wa Kale najua mwaniangalia mukinywa kahawa. Tangu niliposema nimepasi mtihani wa CP (Certified Paralegal, cheti cha paralegali, yaani msaidizi wa wakili) hapa Dallas simu haipoi, na wengi mwauliza jambo moja, ati kuna bwana huko mtaani auza kozi ya onlaini, wiki chache tu, awaambia ukimaliza ushakuwa paralegali wa Marekani na kazi yakungoja. Jamani!

Hebu niskizeni. Cheti cha kumaliza kozi wakipewa na chuo, hata mimi ninacho, kiko ndani ya bahasha sijui kabati gani. Hiyo CP ni mambo mengine, hiyo yatolewa na chama cha taaluma cha maparalegali wa Marekani, NALA, wameanza kuitoa 1976, na si ati walipa tu waingia, kwanza waangalia umesoma wapi, umefanya kazi na mawakili kiasi gani, ndo wakuruhusu kufanya mtihani. Sehemu ya kwanza maswali 120 ya kuchagua jibu, mikataba, jinai, ardhi, kesi za madai, mirathi, na yote ni sheria za Marekani, yaani ile mirathi uliyoizoea kwa Kadhi haitakufaa kitu hapo. Ukipasi ndo waenda sehemu ya pili, ya kuandika, wakupa makaratasi ya kesi uyasome uyachambue umwandikie wakili memo inayoeleweka, na wallahi hapo ndo watu wanalia, manake kukariri hakusaidii. Na ukishapata usilale, kila miaka 5 waonyeshe masaa 50 ya masomo, 5 kati yake ya maadili.

Sasa kitu ambacho yule bwana hatowaambia: hakuna sheria ya Marekani nzima inayosema bila CP huajiriwi. Ni hiari. Mimi nimeifanya kwa sababu shule za Mombasa kwenye CV mabosi wa hapa hawazijui, nikataka waone kitu wanachokijua, basi. Na viza haikupi. Narudia, CP haikupi viza, wala hiyo kozi yake haikupi.

Halafu kazi yenyewe ina mipaka mikali. Shangazi yangu wa Majengo keshaanza kuniita wakili, na huku kila harusi ya Waswahili navutwa pembeni na mtu ana barua ya uhamiaji mkobani, "mwanangu hebu nisomee, nifanyeje?" Kusoma nasoma. Nifanyeje siwezi kumjibu, manake paralegali hatoi ushauri wa kisheria, hapangi ada ya mteja, hasimami kortini kumtetea mtu, hayo ni ya wakili na mimi nafanya kazi chini yake. Wengine wanuna, waniona najidai, lakini kuna watu huku wamekula pesa za wahamiaji kwa kujifanya mawakili na kesi za watu zikaharibika, sitaki kuwa mmoja wao.

Wewe wa Tudor, wa Changamwe, kama waipenda kazi hii kweli, anzia hapo hapo nyumbani. Kenya kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, yawatambua maparalegali, na wa kuwaidhinisha ni National Legal Aid Service. Kenya School of Law kule Nairobi wana diploma yake. Na jela ya Shimo la Tewa pale, shirika la Kituo Cha Sheria wamefundisha wafungwa uparalegali, wafungwa wenyewe, wakawa wasaidiana kuandika rufaa zao! Hao naona waijua kazi kushinda yeyote aliyetumiwa PDF kwa WhatsApp.

Kwa hivyo yule bwana kama hujamlipa usimlipe, na kama ushamlipa muulize ni chama gani kinachomtambua, umskize atakavyozunguka. Na mwenye swali la green card, nishawaambia sijibu, hata ukinitumia halua.